Kuruti simu ya Android mwanzo mwisho: butiloda, Magisk na namna ya kuiokoa ikigoma kuwaka

Simu umenunua kwa hela yako ila kuna vitu humo ndani huruhusiwi kuvigusa. Apu za kampuni zimejazana na ukitaka kuzitoa unakuta kitufe cha kuondoa hakipo, matangazo yanakufuata mpaka skrini ya mwanzo, ukifungua folda ya mfumo unaambiwa huna ruhusa. Hii inatokana na Android kujengwa juu ya Linux, na kwenye Linux kuna mtumiaji mmoja mkubwa anaitwa root, namba yake ni 0, huyo hazuiwi na chochote, sisi wengine wote tukiwemo wenye simu ni watumiaji wa kawaida tu na kila apu imepewa namba yake na sehemu yake, haiingii kwa mwenzake. Kuruti ni kujipa njia ya kufika kwenye hiyo namba 0 pale unapotaka wewe mwenyewe.

Nitaeleza njia ya Magisk, programu ya kuruti, kwa sababu ndiyo inayotumika na wengi na ina maelezo mengi ukikwama. Zile apu za kubonyeza mara moja simu inarutika, KingRoot na wenzake, zilikuwa na maana enzi za Android 4 na 5 kwa kutumia matundu ya usalama ambayo yalishazibwa zamani, leo ukizidownload unachopata ni matangazo au virusi, achana nazo kabisa. Na nikwambie mapema kitu ambacho wengi hawakielewi mpaka simu ife mkononi: kuflashi kwenyewe, yaani kuandika faili kwenye kumbukumbu ya mfumo wa simu, ni mstari mmoja wa amri, dakika haiishi. Kazi yote iko kwenye kupata faili sahihi la simu yako na kutunza bekapu. Ukiwa na faili la boot, lile linaloiwasha Android, la toleo lilelile lililopo kwenye simu yako, hata ukiharibu unarudi ulikotoka, usipokuwa nalo unacheza bahati nasibu.

Kwanza, kweli unahitaji ruti?

Nusu ya watu wanaotaka kuruti wanachotaka kinapatikana bila ruti. Kama shida ni apu za kampuni unaweza kuziondoa kwa adb, programu ya kuamrisha simu kutoka kwenye kompyuta (nitaeleza kuiweka hapo chini), unaangalia majina yake kwa amri ya kwanza halafu unaiondoa unayotaka kwa amri ya pili:

adb shell pm list packages

adb shell pm uninstall --user 0 jina.la.apu

Hiyo inaitoa kwako bila kugusa mfumo, na ukiriseti simu inarudi. Kuwa makini tu usitoe kitu usichokijua, usije ukatoa kiolesura chenyewe ukabaki na skrini nyeusi. Kama shida ni matangazo, nenda Settings, sehemu ya mtandao, tafuta Private DNS, andika dns.adguard-dns.com, matangazo mengi ya kwenye apu na brauza yanakufa hapohapo, isipokuwa ya YouTube maana hayo yanatoka kwenye seva zilezile zinazoleta video.

Ruti inahitajika kweli kama unataka bekapu ya data za ndani za apu, kuhariri faili la hosts (orodha ya anwani ambayo simu inaiangalia kwanza), kuzuia chaji isipite asilimia 80 kwenye simu isiyo na hiyo setingi, kubadili kasi ya prosesa, kuweka kerneli (kiini cha mfumo) nyingine, au unataka tu kujifunza mfumo unavyofanya kazi, ambayo kwangu ni sababu nzuri kuliko zote. Ila nashauri hivi na sirudi nyuma: usiruti simu ambayo hela yako inakaa. Apu za benki nyingi na baadhi ya apu za pesa za mitandao zinakagua simu, zikinusa ruti zinakataa kufunguka. Menyu ya *150*00# ya M-Pesa kwa Tanzania au *334# kwa Kenya haina shida, hiyo inapita kwenye laini na haijali simu ikoje hata iwe kiswaswadu, lakini kama maisha yako yote ni apu ya benki basi tafuta simu ya pili ya kuchezea.

Simu yako inakubali?

Ruti ya siku hizi inaanzia kwenye butiloda, ile programu ndogo inayowaka kabla ya Android na kukagua kama mfumo uliopo ni ule wa kiwandani. Ikiwa imefungwa haikubali kitu kingine. Kwa hiyo swali la kwanza kabla hujanunua hata waya ni kama butiloda yako inafunguka, na hilo linategemea kampuni.

Tecno, Infinix na itel zote ni za Transsion, nyingi zina prosesa ya MediaTek na kwa kawaida zinafunguka kwa amri tu bila kuomba kibali kwa mtu. Shida yao ni moja, kampuni haikuwekei femuwea (programu nzima ya kiwandani ya simu) hadharani kwa hiyo kulipata faili la boot ni kazi. Xiaomi na Redmi zinafunguka ila kwa kibali, unaunganisha akaunti ya Mi kwenye simu halafu kwa kawaida unasubirishwa saa 168, yaani wiki nzima, na walivyokuja na mfumo wao mpya wa HyperOS masharti yakazidi. Google Pixel ndiyo rahisi kuliko zote, femuwea zote Google wanaziweka wazi, lakini ukinunua Pixel ya mtumba iliyotoka Marekani angalia kwanza kama haikuuzwa na Verizon, hizo kile kitufe cha OEM unlocking (cha kuruhusu butiloda ifunguliwe) kinakuwa na rangi ya kijivu hakibonyezeki na hakuna dawa. Samsung za Marekani na Canada zenye Snapdragon nazo zimefungwa, za soko la kwetu kwa miaka mingi zilikuwa zinafunguka (zilizofika One UI 8 ya mwaka 2025 hazifunguki tena) ila kwa gharama nitakayoisema. Huawei waliacha kutoa kodi (namba za siri) za kufungulia mwaka 2018, sahau.

Halafu kuna simu za mkopo, iwe Lipa Mdogo Mdogo ya Safaricom, M-Kopa au mkopo wowote wa kulipa kila siku. Hiyo iache mpaka umalize deni, simu bado si yako na mwongozo huu haukuhusu.

Maandalizi

Unahitaji kompyuta, Windows au Linux au Mac zote sawa. Unahitaji waya wa USB unaopitisha data, na hapa watu wanapoteza masaa, waya mwingi wa mezani unapitisha chaji tu, ukichomeka na kompyuta haioni kitu usianze kulaumu drayva kabla hujabadili waya. Chaji ya simu iwe juu ya nusu. Download platform-tools kutoka tovuti ya Google ya wasanidi wa Android, ni faili la zip, ndani yake kuna adb na fastboot (hii ya kuamrisha simu ikiwa kwenye butiloda), fungua zip weka kwenye folda fupi kama C:\adb halafu fungua terminali ukiwa ndani ya folda hiyo. Windows inaweza kuhitaji Google USB Driver au drayva ya kampuni ya simu, Linux na Mac kwa kawaida hazina usumbufu huo.

Sasa bekapu, na hapa soma taratibu: kufungua butiloda kunafuta kila kitu kwenye simu, picha, meseji, WhatsApp, vyote, na hilo limewekwa makusudi ili mwizi asifungue butiloda akasoma vitu vyako. WhatsApp ifanyie bekapu kwenye Google Drive na uhakikishe tarehe imeandikwa ya leo, picha hamishia kwenye kompyuta, namba za simu zihakikishe ziko kwenye akaunti ya Google na si kwenye kumbukumbu ya simu, na kama unatumia apu ya kodi za kuthibitisha akaunti zihamishe kwenda simu nyingine kabla. Hakikisha unakumbuka neno la siri la Google maana simu inaweza kukuuliza baada ya kufutika. Mwisho bonyeza *#06# uandike IMEI (namba za utambulisho wa simu kwenye mtandao) zote mbili kwenye karatasi, utaona mbele kwa nini.

Kufungua butiloda

Ingia Settings, About phone, tafuta Build number ibonyeze mara 7 mpaka uambiwe umekuwa msanidi. Rudi nyuma, kwa nyingi iko chini ya System, utaona Developer options, humo washa OEM unlocking na USB debugging. Kama OEM unlocking haionekani au ni ya kijivu, weka simu kwenye intaneti usubiri kidogo uangalie tena, baadhi zinataka kuongea na seva kwanza.

Chomeka waya, kwenye terminali andika:

adb devices

Kwenye simu litakuja dirisha la kuomba ruhusa, weka tiki ya kukumbuka kompyuta hii ukubali. Ukiona namba ya utambulisho ya kifaa (serial) na neno device pembeni uko sawa, ukiona unauthorized hujakubali kwenye simu. Kisha:

adb reboot bootloader

fastboot devices

Simu itaingia kwenye skrini nyeusi yenye maandishi madogo. Kama fastboot devices hairudishi kitu, au baadaye unaona terminali imeganda kwenye waiting for any device, kwenye Windows hiyo ni drayva, nenda Device Manager utaona kitu chenye alama ya njano, kiwekee drayva ya Android Bootloader Interface. Ikishaonekana:

fastboot flashing unlock

Simu itauliza, nyingi za MediaTek unakubali kwa kubonyeza sauti ya juu, Pixel unachagua kwa vitufe vya sauti unamalizia na pawa. Simu za zamani zinataka fastboot oem unlock. Data inafutika, unaandika fastboot reboot, inawaka kama mpya na safari hii kwenye simu za MediaTek utaona maneno Orange State na kwamba itawaka baada ya sekunde 5. Hayo maneno yatakuwa yanatokea kila ukiwasha, ndiyo hali ya butiloda iliyo wazi, zoea. Weka simu sawa kwa haraka, usijisumbue kurudisha vitu vyote sasa maana unaweza kuja kuifuta tena, rudia ile ya Build number mara 7 na uwashe USB debugging.

Na ujue umeshalipa kitu hapo: simu nyingi zikishafunguliwa butiloda, Netflix na wenzake wanashusha ubora wa picha, na mtu akiipata simu yako mkononi kinga moja imepungua.

Kupata faili sahihi

Hapa ndipo simu zinapofia. Unatakiwa kuwa na femuwea ya toleo lilelile, sio modeli tu, toleo kamili mpaka herufi ya mwisho. Liangalie hivi:

adb shell getprop ro.build.display.id

Nakili linalotoka. Sasa kutegemea na simu, Pixel unaenda kwenye ukurasa wa Google wa factory images unachukua yenye namba hiyo, unafungua zip na zip iliyo ndani yake. Xiaomi unatafuta ile femuwea ya fastboot, boot.img iko kwenye folda ya images. Ukipata faili la apdeti kamili lenye payload.bin ndani, tumia payload-dumper-go kuchomoa:

payload-dumper-go -p boot payload.bin

Kwa Tecno, Infinix na itel watu wanapeana femuwea mitandaoni, nyingine ni sawa nyingine zimeandikwa modeli ambayo siyo, na zile tovuti zinazotaka ulipie neno la siri la kufungua zip ziogope. Simu moja inaweza kuwa na jina lilelile sokoni lakini kodi ya modeli tofauti na prosesa tofauti, kwa hiyo jina la kwenye boksi usiliamini, iamini getprop. Njia safi zaidi kwa MediaTek ni kusoma boot kutoka kwenye simu yako mwenyewe kwa kutumia mtkclient, ambayo inaongea na prosesa kabla hata butiloda haijawaka, unazima simu, unashikilia vitufe vya sauti unachomeka waya:

python mtk.py r boot,vbmeta boot.img,vbmeta.img

Kazi ya vbmeta nitaieleza mbele. Kwenye simu yenye nafasi mbili za mfumo (A na B, moja inatumika nyingine inasubiri apdeti) majina yanakuwa boot_a na vbmeta_a. Prosesa mpya mpya zimezibwa hazikubali, ila kwa za miaka ya nyuma kidogo inafanya kazi vizuri na unakuwa na faili ambalo haliwezi kuwa la simu nyingine maana limetoka humohumo.

Sasa, boot au init_boot? Simu zilizotoka kiwandani zikiwa na Android 13 au zaidi nyingi zina partisheni (kipande cha kumbukumbu ya simu) inaitwa init_boot na hiyo ndiyo unayoishughulikia. Simu iliyotoka na Android 12 ikaapdeti kwenda 13 inabaki na boot ileile. Mfano Pixel 6 ni boot, Pixel 7 ni init_boot. Kuhakikisha, ukiwa kwenye fastboot andika fastboot getvar all uangalie kama kuna mstari una neno init_boot. Faili lenyewe la init_boot ni dogo, mara nyingi MB 8, wakati boot ni kubwa zaidi ya hapo sana. Kuanzia hapa nikisema boot na wewe una init_boot, badilisha.

Tunza hilo faili halisi kwenye kompyuta na kwenye flashi pia. Usiliguse, usilibadili jina ovyo. Hilo ndilo bima yako.

Magisk yenyewe

Magisk ilianzishwa mwaka 2016 na John Wu, anajulikana kama topjohnwu, na mwaka 2021 akaajiriwa Google upande wa usalama wa Android, Magisk ikaendelea kuwepo. Uzuri wake haibadili partisheni ya system, inajiingiza kwenye boot tu na mabadiliko mengine yanafanyika simu inapowaka, ndiyo maana kuitoa ni rahisi. Apk yake inapatikana GitHub kwenye ukurasa wa topjohnwu, hapo tu. Tovuti zenye jina Magisk Manager zilizojaa matangazo siyo zake hata kama ziko juu kabisa ukitafuta Google.

Weka apk kwenye simu, peleka boot.img kwenye simu kwa:

adb push boot.img /sdcard/Download/

Fungua Magisk, pale juu bonyeza Install, chagua Select and Patch a File, chagua boot.img yako, bonyeza Let's Go. Maandishi yatapita, ikiisha inaandika All done na inakuambia imehifadhi faili kwenye Download lenye jina linaloanza na magisk_patched halafu namba na herufi za kubahatisha. Fanya hii kwenye simu ileile unayoiruti, usipachi (usilitie faili Magisk) kwenye simu ya jirani maana Magisk inasoma hali ya simu iliyopo. Rudisha kwenye kompyuta (weka jina kama lilivyo kwako):

adb pull /sdcard/Download/magisk_patched-xxxxx.img

Sasa mstari wenyewe:

adb reboot bootloader

fastboot flash boot magisk_patched-xxxxx.img

fastboot reboot

Kwa Pixel hapo umemaliza. Baadhi ya simu, na za MediaTek ndiyo hasa, zina partisheni ya vbmeta inayokagua kama boot imeguswa, ikigoma kuwaka baada ya hapo rudi fastboot uandike:

fastboot flash --disable-verity --disable-verification vbmeta vbmeta.img

vbmeta.img hiyo itoke kwenye femuwea ileile. Inawezekana simu ikakulazimisha kufuta data tena, ndiyo maana nikasema usirudishe vitu mapema. Kama simu yako inakubali amri ya fastboot boot, unaweza kuiwasha kwa faili la Magisk bila kuflashi kwanza ikawaka mara moja kwa majaribio, halafu ndani ya Magisk ukachagua Direct Install, ila hii ni kwa wenye boot tu na simu nyingi za MediaTek hazikubali.

Ikiwaka fungua Magisk, inaweza kuomba kukamilisha mambo fulani na kuwasha upya, kubali. Pale juu panapoandika Installed ukiona namba ya toleo badala ya N/A, imekaa. Hakikisha kwa terminali:

adb shell

su

id

Simu itauliza kama unampa Shell ruhusa, kubali, na ukiona uid=0 mkuu umeshakuwa namba 0, na alama ya dola imegeuka kuwa #.

Kitu cha kwanza kufanya ukishapata ruti

Wengi wanakimbilia modyuli (nyongeza za Magisk) na fonti. Wewe anza na bekapu ya partisheni zinazobeba IMEI na mambo ya mtandao, kwa sababu hizo ni za simu yako peke yake na hakuna femuwea ya intaneti itakayozirudisha. Kwenye MediaTek ni nvram, nvdata, nvcfg, protect1 na protect2:

su -c "dd if=/dev/block/by-name/nvram of=/sdcard/nvram.img"

Rudia kwa kila moja ukibadili jina sehemu zote mbili. Kwenye Snapdragon ni modemst1, modemst2, fsg, fsc na persist, Samsung ni efs. Hamishia kwenye kompyuta. Simu ikipoteza IMEI inakuwa redio ya wifi tu, na Tanzania tangu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu feki Juni 2016 simu yenye IMEI isiyoeleweka haikai kwenye mtandao. Dawa halali ya IMEI iliyopotea ni hiyo bekapu, na karatasi yako uwe na cha kulinganishia.

Baada ya hapo tulia. Kila apu ikiomba ruti jiulize inaitakia nini, apu ya tochi haina sababu. Ndani ya Magisk kuna sehemu ya Superuser unaona nani umempa na unaweza kumnyang'anya, na kwenye setingi unaweza kudai alama ya kidole kila ruhusa inapoombwa, iwashe.

Kuhusu apu za benki, kuna Zygisk (inayoiingiza Magisk ndani ya apu) na DenyList (orodha ya apu za kuachwa) kwenye setingi za Magisk, unawasha zote mbili, unachagua apu ambazo hutaki Magisk iziguse. Kwa baadhi ya apu inatosha. Kwa zinazotumia Play Integrity, ukaguzi wa Google wa kama simu imeguswa, haitoshi, hapo simu yenye butiloda iliyo wazi inajulikana, na watu wanafukuzana na Google kila mwezi, leo modyuli inafanya kazi kesho imekufa. Mimi huo mchezo sioni faida yake, apu ya benki iweke simu nyingine.

Samsung iko tofauti kidogo

Samsung haina fastboot, inatumia Download Mode na programu ya Odin ya Windows. Unazima simu, unashikilia sauti juu na chini kwa pamoja unachomeka waya, halafu unabonyeza sauti ya juu kwa muda mrefu kufungua butiloda, inafutika. Ikiwaka iunganishe intaneti uhakikishe OEM unlocking ipo na imewashwa kwa rangi ya kijivu (hapa kijivu ni ishara kuwa butiloda imeshafunguka) kabla hujaendelea, ukiruka hapo inakataa. Femuwea ina mafaili manne, AP, BL, CP na CSC, unapachi AP lote zima kwenye Magisk, unalirudisha kwa adb pull (usikokote kwa kipanya, faili ni kubwa na huwa linaharibika njiani), kisha unaflashi yote manne kwa Odin ukitumia CSC ya kawaida, usiweke HOME_CSC.

Gharama yake sasa: ukiflashi kitu kisicho cha Samsung, fyuzi ya Knox, mfumo wa ulinzi wa Samsung, inakatika ndani ya chipu, inaandikwa 0x1, hairudi hata ukirudisha femuwea ya kiwandani. Secure Folder na Samsung Pay zinakufa moja kwa moja. Kama unatumia Secure Folder kuhifadhi nyaraka zako fikiria mara mbili.

Ikigoma kuwaka

Kama imekwama kwenye nembo inazunguka tu, usipagawe na usikimbilie fundi. Shikilia pawa na sauti ya chini (au juu, inategemea simu) uingie fastboot, rudisha lile faili halisi:

fastboot flash boot boot.img

Asilimia kubwa ya matatizo yanaishia hapo, bila kupoteza data. Kama ilikuwa inawaka vizuri ikaharibika baada ya kuweka modyuli, chomeka waya andika amri hii uwashe simu, inasubiri mpaka simu ifikike na kuzifuta modyuli zote:

adb wait-for-device shell magisk --remove-modules

Au iwashe kwenye safe mode mara moja, Magisk inazizima modyuli zote yenyewe, ukiwasha tena kawaida zinakuwa zimelala.

Ikiwa nyeusi kabisa, haina hata nembo, na ni MediaTek, bado kuna SP Flash Tool (programu ya kompyuta ya kuflashi MediaTek) na femuwea kamili yenye faili la scatter (ramani ya partisheni). Hapo chagua Download Only. Kuna chaguo jingine linaitwa Format All + Download na mafundi wa haraka wanalipenda, hilo linafuta kila kitu pamoja na nvram, IMEI inaondoka nayo, usiliguse na ukimpa fundi simu mwambie mdomoni asiliguse.

Apdeti na kuitoa

Apdeti ikija usibonyeze tu, inaweza kugoma au ikapita ikakutolea ruti. Kwa simu zenye nafasi mbili za mfumo ingia Magisk, Uninstall Magisk, chagua Restore Images, USIWASHE UPYA, nenda weka apdeti, ikimaliza na kuomba kuwasha upya rudi kwanza Magisk, Install, Install to Inactive Slot, ndiyo uwashe. Kwa nyingine au ukiona hiyo inakuchanganya, pata boot ya toleo jipya, pachi, flashi upya kama mwanzo, inafika palepale.

Kuitoa kabisa ni Uninstall Magisk, Complete Uninstall, simu inawaka bila ruti. Butiloda inabaki wazi. Kama unataka kuifunga tena, labda unauza simu, kwanza rudisha femuwea ya kiwandani yote, boot, vbmeta, kila kitu, iwashe uhakikishe inafika mpaka mwisho, ndipo uende fastboot uandike fastboot flashing lock, nayo inafuta data. Ukiifunga huku ndani kuna kitu chochote kilichoguswa butiloda itakataa kuwasha, na ukute OEM unlocking ilishazimwa, hapo hata fastboot haikusikilizi tena.